Sauti Zimenyamaza, Lakini Moyo Bado Mzito

Somo la safari hii ni la familia zinazoishi na mgonjwa wa skizofrenia, na la jumuiya na vikundi vinavyozitembelea familia hizo. Ni ule ugonjwa wa akili ambapo mtu anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, anaamini kwamba majirani wanamfuata au wanataka kumwekea sumu, na maneno yake yanaruka huku na huku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata mtu 1 kati ya 300 hivi. Simama jioni pale Adams Arcade uwatazame watu wanaoshuka matatu, wale wa Woodley, wale wa Jamhuri, na wale wanaokatiza Toi kuingia Kibera. Kwa hesabu hiyo, ugonjwa huu unapanda na kushuka matatu pamoja nasi kila siku.

Lakini leo hatuzungumzi juu ya sauti. Tunazungumza juu ya kitu kinachokuja kimyakimya sauti zikishapungua, au hata zikiwa bado zipo: huzuni nzito isiyoisha. Vitabu vingine huiita unyogovu, na ndugu zetu wa Tanzania huiita sonona. Katika nyumba tunazoingia hakuna anayetumia majina hayo. Mtu anakuambia "kichwa inafikiria sana," au "roho imechoka," au analalamika tu kwamba mwili hauna nguvu na kifua kinabana. Hapa tutaiita sonona kwa sababu ni neno fupi, lakini mkiwa nyumbani sikilizeni yale maneno mengine. Ndiyo mgonjwa anayoyatumia.

Mwenye kelele na mwenye kimya

Hebu tupitie historia kidogo, maana inatuhusu. Hospitali ya Mathari, kule barabara ya Thika, ilifunguliwa mwaka 1910. Tangu 1938 hadi 1950 ilikuwa chini ya daktari Mzungu, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na humo alidai kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika. Ati Mwafrika hana desturi ya kujilaumu. Wachunguzi waliokuja baadaye, Waafrika wenzetu wakiwemo, walionyesha kwamba hiyo si kweli, na leo hakuna mtaalamu anayeitetea.

Sisi tunajiuliza, aliwezaje kukosea namna hiyo na wagonjwa walikuwa mbele ya macho yake? Sehemu ya jibu ni rahisi. Alihesabu wale waliofikishwa hospitalini. Na waliofikishwa ni wale waliopiga watu, waliovua nguo sokoni, waliorusha mawe. Mwenye huzuni hamsumbui chifu wala askari. Anabaki nyumbani akitazama ukuta.

Tunaitaja hadithi hiyo kwa sababu mpaka leo tunafanya vivyo hivyo. Mgonjwa akipiga kelele usiku, mtaa mzima unaamka, pesa za teksi zinachangwa, anafikishwa kwa daktari. Akirudi ametulia tunashukuru na kila mtu anarudi kazini. Akinyamaza wiki sita hakuna anayechanga hata nauli ya matatu.

Kijana wa viatu

Tutawaeleza habari za kijana mmoja tuliyemtembelea. Mambo madogo tumeyabadilisha ili asitambulike. Alikuwa akisafisha na kushona viatu vya mitumba akiviuza Toi, na alikuwa na wateja wake wa Jumamosi. Akaugua akiwa na miaka ishirini na mitatu. Sauti, hofu, kutolala. Akalazwa wiki kadhaa, akarudi na vidonge na tarehe ya sindano. Baada ya miezi miwili sauti zilikuwa zimebaki kama redio ya jirani, ndivyo alivyosema mwenyewe, iko lakini huelewi inasema nini. Mama yake alifurahi sana. Alitoa shukrani mbele ya jumuiya.

Halafu kijana akaacha kwenda Toi. Mwanzoni ilikuwa siku moja moja, baadaye moja kwa moja. Alikuwa akiamka saa tisa usiku na kukaa kitandani mpaka kunapambazuka, lakini ukifika saa nne asubuhi unamkuta amejifunika blanketi. Chakula alikuwa akikigusa tu. Kaka yake alisema ni uvivu, kwamba amezoea kulishwa. Shangazi alisema ni dawa zinamlaza, apunguziwe. Jirani mmoja alisema wamemroga tena. Kila mmoja alikuwa na jibu, na hakuna aliyekuwa amemwuliza kijana mwenyewe.

Aliyegundua ni mama wa kuuza mboga hapo nje, mwanamke ambaye hajasomea mambo haya. Alituambia, "Huyu kijana amempa mtoto wangu redio yake. Na sindano zake za kushonea viatu amempa yule fundi mwingine. Mimi sipendi hiyo."

Tulikaa naye kwenye benchi. Tulianza na habari za viatu, kisha usingizi, kisha tukamwuliza waziwazi: "Ndugu yetu, umefika mahali pa kufikiria ni afadhali ufe?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Wakati nilikuwa mgonjwa sikujua. Sasa nimepona, naona vile nimekuwa. Nani atanipa msichana wake? Nani ataleta kiatu kwa mwenda wazimu?" Na ndiyo, alikuwa amefikiria. Alikuwa amechagua na siku.

Tafadhali soma tena maneno yake. Anasema sasa anaona. Sisi tunaomba mgonjwa apate akili atambue hali yake, na ni vizuri, maana anayetambua hukubali dawa. Lakini macho yakifunguka, kitu cha kwanza anachokiona ni hasara: shule iliyokatika, kazi iliyokwenda, mchumba aliyeolewa kwingine, na watoto wa mtaa wanaomwita jina. Tungekuwa sisi tungelia.

Kijana huyo alipelekwa kliniki siku hiyohiyo, mama yake na fundi mwenzake wakimsindikiza. Yuko hai. Ana siku nzuri na ana siku mbaya, na Jumamosi nyingi yuko Toi, ingawa si zote.

Je, jambo hili ni la kawaida?

Ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi wa nchi nyingi unakaribiana kwamba ukiwapima wagonjwa wa skizofrenia wakati wowote ule, kama robo yao utawakuta na dalili za sonona. Ukihesabu miaka yote ya ugonjwa, wanaopitia hali hiyo angalau mara moja ni wengi zaidi ya hapo. Kitabu cha magonjwa cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1992 kiliipa hata jina lake, huzuni inayofuata skizofrenia. Na kinachotufanya tuandike ni hiki: inakadiriwa kwamba kati ya wagonjwa 100 wa skizofrenia, kama 5 hufa kwa kujiua. Wengi wao ni vijana, na wengi ni katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali ni ya hatari ya pekee. Yaani ni wakati ule ambao familia inapumua.

Mambo yanayofanana

Hapa ndipo penye ugumu, na tungependa mkae hapa kidogo. Mtu anayekaa kimya, hafanyi kazi, hataki kuoga, anaweza kuwa na mambo mbalimbali, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza kuna ubutu unaoletwa na skizofrenia yenyewe. Ugonjwa huu una upande wa kuongeza mambo, kama sauti na hofu, na una upande wa kupunguza. Mtu anapungukiwa na hamu, uso hauonyeshi kitu, maneno yanakuwa machache. Ukimwuliza "Unahuzunika?" anajibu "Hapana," naye ni kweli hahuzuniki. Yuko tupu tu. Mwenye sonona si mtupu, amejaa. Amejaa kujilaumu, amejaa kukata tamaa, anasema amekuwa mzigo, anasema Mungu amemwacha. Akiwa na nguvu ya kusema, atasema. Ndiyo sababu kumtazama hakutoshi, lazima umwulize.

Pili kuna dawa. Hapa shangazi wa yule kijana alikuwa na haki nusu. Dawa za zamani kama haloperidoli, Largactil na ile sindano ya mwezi ambayo wengi huiita Modecate zimewaokoa watu wengi sana, lakini zinaweza kumfanya mtu awe mzito, atembee kama mzee, uso ukakamae, mate yamtoke. Mtu kama huyo anaonekana ana huzuni hata kama hana. Kuna na hali nyingine mbaya zaidi ambayo familia huikosea jina: mtu hawezi kutulia kabisa. Anakaa, anasimama, anakanyaga hapohapo, anazunguka uwanja, anasema anahisi kama wadudu wanatembea ndani ya miguu. Watu hudhani wazimu umerudi, kumbe ni dawa. Hali hiyo inatesa mno, na imewafanya wengine watamani kufa. Usingoje tarehe ya kliniki ukiiona. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza dawa ya kutuliza madhara. Kwa ukakamavu na kutetemeka wengi hupewa Artane, mnaijua. Lakini kuacha dawa ghafla kwa sababu ya madhara ni kubomoa nyumba kwa sababu paa linavuja.

Tatu, huzuni inaweza kuwa ndiyo mwanzo wa ugonjwa kurudi. Siku au majuma kadhaa kabla ya sauti kupanda tena, wagonjwa wengi hukosa usingizi, hujitenga, huwa na wasiwasi na moyo mzito. Familia ambayo imekaa na mgonjwa miaka mingi huijua hali hiyo kama wanavyojua harufu ya mvua. Muwaamini macho yenu.

Kuna na mengine ya kupita haraka. Pombe, hasa chang'aa, pamoja na bangi na muguka, huzidisha huzuni na sauti vilevile. Upungufu wa damu, kifua kikuu, virusi vya ukimwi na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri vyote huweza kumwangusha mtu akaonekana ana sonona. Apimwe mwili pia. Mgonjwa wa akili ana haki ya kuumwa tumbo kama watu wengine, na inatusikitisha tunaposikia mtu amelalamika maumivu miezi mitatu akajibiwa kwamba ni mawazo yake tu.

Na mwisho kuna sonona yenyewe, ambayo mara nyingi imechanganyika na hayo yote. Msijitese kutafuta jibu moja. Kazi yenu si kupima kama daktari. Kazi yenu ni kuona na kwenda kusema.

Namna ya kuuliza

Mwaka 1990, kule Calgary nchini Kanada, Donald Addington, Jean Addington na mwenzao walitunga kipimo cha mambo 9 kwa ajili ya wagonjwa wa skizofrenia tu. Walifanya hivyo kwa sababu vipimo vya kawaida vya huzuni vilikuwa vinachanganya sonona na ule ubutu tuliousema. Kipimo hicho kinatumiwa na wataalamu na hatutakinakili hapa. Lakini mambo kinayoyatafuta mtu yeyote mwenye subira anaweza kuyasikiliza, kwa maneno yetu ya nyumbani.

Je, siku hizi mbili tatu zilizopita moyo wako ulikuwaje? Unaona mbele kuna kitu, au kumefungwa? Ukijilinganisha na wengine unajionaje? Unajilaumu kwa mambo ya zamani, hata madogo, hata yale yasiyokuwa makosa yako? Unahisi watu wanakushtaki kwa kosa ambalo hukulifanya? Ni wakati gani wa siku ni mgumu zaidi? Hili la mwisho lina maana, kwa sababu sonona nyingi huwa nzito asubuhi na hupungua kidogo jioni. Unaamka kabla ya alfajiri usiweze kulala tena? Yule kijana wa viatu angejibu ndiyo karibu kila mahali.

Usiulize yote mfululizo kama karani wa sensa. Uliza moja ukimenya viazi, uliza jingine mkitembea kwenda dukani. Wanaume hasa huongea vizuri zaidi wakiwa wanafanya kitu kwa mikono.

Kisha kuna swali ambalo watu huliogopa, kama amefikiria kujiua. Wengi wanaamini kwamba ukilitaja utamtia wazo hilo kichwani. Si kweli. Wachunguzi wameliangalia jambo hilo mara nyingi, na kuuliza hakuongezi hatari. Mara nyingi mtu anatua mzigo. Uliza kwa sauti ya kawaida, bila kulia wala kuhubiri. Akisema ndiyo, uliza kama amepanga namna na siku. Uliza pia kama sauti zinamwamuru ajidhuru, maana wengine sauti ndizo zinazosukuma. Akikubali lolote kati ya hayo, asiachwe peke yake hata kwenda msalani, na safari ya hospitali ni leo. Si kesho baada ya kupata ruhusa kazini.

Nyumbani nako kuna kazi ndogo. Sumu ya panya na ya mende itoke ndani ya nyumba. Vidonge vyote, vyake na vya bibi vya presha, vifungiwe na mtu mmoja, ampe vya siku moja moja. Wakati wa kutaka kufa mara nyingi ni kama wimbi, unapanda na kushuka. Mtu akikosa kitu cha kujidhuru wakati wimbi liko juu, anaweza kuishi miaka mingi baada ya hapo.

Ukifika kwa daktari

Kwetu huku upande wa Ngong Road, Hospitali ya Kenyatta iko karibu na ina idara ya magonjwa ya akili. Mathari ni mbali kidogo: unapanda 111 mpaka mjini, halafu gari la barabara ya Thika. Nauli mara mbili kwenda, mara mbili kurudi, kwa mtu anayesindikizwa ni mara nane. Tunaitaja kwa sababu tumeona tarehe nyingi za sindano zikipotea kwa ajili ya nauli, si kwa ajili ya ukaidi. Kikundi kikiweza kuweka mfuko mdogo wa nauli, huo ni msaada unaozidi kilo nyingi za unga. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imebadilishwa ikawa SHA, na yule asiyejiandikisha aende akajiandikishe kabla ya kuugua, si siku ya kulazwa.

Foleni ni ndefu, na mbele ya daktari utapata dakika chache. Usizimalize kwa kusema "Anaendelea vizuri, daktari." Wengi husema hivyo kwa heshima tu. Nenda umeandika kwenye karatasi: analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, anakula nini, ameacha kufanya nini ambacho zamani alikifanya, alisema maneno gani ya kukata tamaa, na lini. Ongeza na madhara ya dawa uliyoyaona. Karatasi hiyo hufanya kazi kuliko hotuba.

Daktari kwa kawaida ataangalia kwanza kama skizofrenia yenyewe imeshikwa vizuri na kama kipimo cha dawa si kikubwa mno. Wakati mwingine kurekebisha hapo tu kunatosha. Ikiwa huzuni inabaki anaweza kuongeza dawa ya sonona, kwa mfano fluoksetini au amitriptilini. Mjue mambo mawili juu ya dawa hizo. Zinachukua majuma kuanza kusaidia, wiki mbili mpaka nne na hata zaidi, kwa hiyo asitupe vidonge siku ya tano akisema havina kazi. Na amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja inaua, ndiyo maana tumesisitiza dawa zifungiwe. Kwa mgonjwa ambaye mawazo ya kufa hayamwachi, kuna dawa inayoitwa klozapini. Imeonyeshwa kwamba inapunguza majaribio ya kujiua kwa wagonjwa wa skizofrenia, na mwaka 2002 Marekani iliikubali rasmi kwa kazi hiyo. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa desturi kila juma mwanzoni, kwa sababu inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo haifai kila mahali. Lakini kuuliza si kosa: "Daktari, klozapini ingemfaa?"

Mazungumzo na mshauri aliyesomea pia ni matibabu. Vilevile kurudi kazini kidogokidogo. Kijana wetu alianza na kushona kiatu kimoja kwa siku, nyumbani, na fundi mwenzake ndiye aliyekuwa akikipeleka sokoni. Kiatu kimoja! Kaka yake alicheka. Baada ya mwezi vilikuwa vitatu.

Mambo ya sheria na ya imani

Familia nyingine huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, na hofu hiyo haikutoka hewani. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na kifungo kilikuwa mpaka miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwambie muuguzi ukweli wote. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 nayo ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa inasema wazi zaidi juu ya haki za mgonjwa na wajibu wa serikali za kaunti. Tungependa kuuona wajibu huo ukifika mpaka kwenye kabati la dawa, maana bado kuna siku mgonjwa anaambiwa akanunue nje.

Juu ya maombi tutasema kifupi. Tunasali na wagonjwa na tutaendelea kusali nao. Lakini kuna mahubiri yanayomwambia mtu atupe vidonge ili kuonyesha imani, na tumekutana na matokeo yake chumbani, si kanisani. Vilevile kumwambia mwenye sonona kwamba huzuni yake ni dhambi ni kumwongezea lawama mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ni kujilaumu. Na kwa wazazi waliokwisha kufiwa na mtoto kwa njia hii, ambao bado wanaogopa kumtaja kwenye misa: Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, inasema kwamba shida nzito za nafsi hupunguza lawama ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Mleteni jina lake.

Maneno ya nyumbani

Mama wa yule kijana alituuliza, "Sasa nimwambie nini? Kila nikisema, nakosea." Hatukuwa na maneno ya ajabu ya kumpa. Tulimwomba aache "jikaze" na "wenzako wanafanya kazi," na mahali pake aseme kitu cha kweli na kidogo: "Naona asubuhi ni ngumu. Chai iko hapa." Tulimwomba asimfanyie kila kitu, wala asimsukume. Tulimwomba pia apumzike yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa analala saa nne kwa usiku akisikiliza pumzi za mwanawe. Wakagawana zamu na shangazi. Mama aliyechoka hawezi kuona mabadiliko, na yeye ndiye kipimo bora tulicho nacho.

Kazi ya kikundi

Mkikutana, jadilianeni kwanza hili: katika mtaa wenu nani ametoka hospitali ndani ya miezi mitatu iliyopita, na ni nani aliyeingia nyumbani kwake tangu zile siku za shukrani zipite? Msimtaje jina mbele ya wote, kila mmoja ajibu moyoni na kumwambia kiongozi baadaye. Pili, ni maneno gani ya lugha zenu za nyumbani mtu huyatumia akimaanisha kwamba amekata tamaa? Yaandikeni, maana Mluo, Mkamba, Mnubi na Mkikuyu hawatasema sawa. Tatu, mfuko wa nauli: nani atautunza, na mgonjwa ataombaje bila kuaibika?

Kisha fanyeni igizo. Mmoja awe daktari mwenye foleni ndefu mlangoni, mwingine awe mama mwenye karatasi yake. Mama aseme usingizi, chakula, maneno ya mgonjwa na madhara ya dawa, halafu aulize swali moja. Mwenye saa apime dakika tatu. Akishindwa kumaliza, abadilishane na mwingine, mjaribu tena.